Zahanati ikilipwa kwa matokeo, mama asiye na nauli anapata nini?

*"Mimi ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati ya kijiji chetu, Kanda ya Ziwa. Tumeambiwa kuna mradi unakuja wa kuilipa zahanati kulingana na matokeo. Kila mama akijifungulia hapo, kila mtoto akimaliza chanjo, zahanati inaingiziwa fedha, na sehemu ya fedha hizo watumishi wanagawana. Watumishi wamefurahi, mimi sijatulia. Naona kama tunawapa watu zawadi kwa kazi ambayo tayari wanalipwa mshahara. Halafu kuna jirani yangu, hana mume wala shamba, alijifungulia njiani. Alipompeleka mtoto kuchanjwa akaambiwa alipe faini kwanza. Nikajiuliza, hizo fedha zikija itakuwaje? Tuna kitongoji kilicho mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka zahanati. Kikao cha kujadili mkataba ni mwezi ujao. Nikubali au nikatae? Na maskini wenyewe wanapata nini?"*

Ndugu mjumbe, kabla ya mkataba tuanze na jirani yako, maana mtoto wake hawezi kungoja kikao cha mwezi ujao. Chanjo za watoto kwenye zahanati za serikali hazilipiwi. Hata kama kijiji kimepitisha sheria ndogo ya kuwatoza wanaojifungulia nje ya kituo, faini hiyo haihusiani na chanjo ya mtoto. Fuatana naye wiki hii hadi kwa mganga mfawidhi, mwombe mtoto achanjwe siku hiyo hiyo. Akikataa, mpigieni mratibu wa chanjo wa wilaya mkiwa bado mmesimama hapo. Na ukiulizwa kwa nini unamtetea mama aliyevunja utaratibu, waulize wao: aliyejifungulia njiani alikuwa anakwenda wapi? Alikuwa anakuja kwenye zahanati yenu.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndicho kinachonisumbua mimi pia kuhusu miradi ya namna hii. Watafiti waliofuatilia malipo kwa ufanisi hapa Tanzania waliyaona hayo hayo. Kituo kikianza kulipwa kwa idadi ya akina mama wanaojifungulia kituoni, kuna mahali watumishi na viongozi wa vijiji waligeukia vitisho. Mama aliyezalia nyumbani akatozwa faini, au akacheleweshewa huduma ya mtoto. Hapo fedha iliyokusudiwa kumfikia maskini inakuwa imemwongezea mzigo. Kwa hiyo hofu yako ina msingi. Hata hivyo, haitoshi kuwa sababu ya kuukataa mradi, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza tuelewane mpango unavyofanya kazi. Kituo kinaingia mkataba wenye orodha ya huduma, na kila huduma ina bei yake. Kila robo mwaka mnapeleka takwimu zenu, wahakiki wanakuja kupekua vitabu vya Mtuha, yaani rejesta ambamo zahanati huandika huduma zake, na ubora unapimwa kwa alama: usafi, dawa, vifaa, utunzaji wa kumbukumbu. Idadi iliyothibitishwa inazidishwa kwa bei, alama za ubora zinaongeza au kupunguza, kisha fedha inaingia kwenye akaunti ya kituo. Sehemu inakwenda kwa watumishi, inayobaki inatumika kwenye zahanati kwa mpango ambao kamati yenu inaupitisha. Hapo kwenye kupitisha ndipo penye nguvu yako.

Kwetu jambo hili si geni. Mwaka 2011 lilianza kwa majaribio mkoani Pwani kwa msaada wa Norway. Mwaka 2015 mpango mwingine ulianzia wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga, kisha ukaenea katika mikoa kadhaa ya Kanda ya Ziwa na magharibi. Mgawanyo wa fedha ndani ya mipango hiyo miwili ulikuwa tofauti kabisa. Pwani, kwenye zahanati na vituo vya afya, asilimia 75 ilikwenda kwa watumishi na 25 kwa kituo. Mpango ulioanzia Kishapu uliugeuza mgawanyo huo: asilimia 75 kwa kituo, na kwa watumishi isizidi 25. Ukiwa kikaoni, hili liwe miongoni mwa maswali yako ya mwanzo. Mkataba wetu unagawaje?

Sasa lile la zawadi kwa kazi yenye mshahara. Nusu yake nakubaliana nawe. Mshahara ni wa kufanya kazi, na mtumishi anayemtukana mama chumba cha kujifungulia hahitaji bonasi, anahitaji hatua za kinidhamu. Lakini jiweke pia mahali pa muuguzi wenu. Yuko peke yake zamu ya usiku, anamulika kwa tochi ya simu, glavu zimekwisha tangu wiki iliyopita na Bohari ya Dawa haijaleta. Huyo anajua vizuri kazi yake, ila hana vitendea kazi, na pengine hajawahi kusikia mtu akimuuliza usiku wa jana ulikwendaje. Mpango ukiwa mzuri unamletea fedha ya glavu, na unamletea mtu wa kuuliza.

Utafiti wa Pwani ulionyesha hayo. Kiwango cha akina mama wanaojifungulia kituoni kilipanda kwa pointi 8.2 za asilimia ukilinganisha na wilaya zisizokuwa na mpango. Wajawazito waliopata dozi mbili za SP za kukinga malaria waliongezeka kwa pointi 10.3. Dawa zilipatikana zaidi, na akina mama waliotozwa fedha wakati wa kujifungua walipungua, ingawa huduma hiyo kwa sera yetu ni bure. Hilo la mwisho ni faida ya maskini moja kwa moja, kwa sababu zile "elfu tano tano" za glavu na pamba ndizo zinazomfanya mtu abaki nyumbani. Ila mpango ule ulilenga huduma nyingi, na nyingine zilizolengwa hazikuonyesha badiliko la maana. Kwa hiyo akija mtu kikaoni na kuwaahidi kwamba kila kitu kitapanda, mwambieni awaonyeshe ni wapi kilipanda.

Swali linalowagawa wataalamu ni hili: kinacholeta nafuu ni sharti la matokeo, au ni fedha yenyewe kufika kituoni?

Rwanda ilileta ushahidi wa upande mmoja. Ilipokuwa inaeneza mpango wake nchi nzima kuanzia 2006, vituo vya kulinganisha navyo vilipewa fedha za kiasi kinachokaribiana, bila sharti. Vituo vyenye sharti bado viliwazidi: wanaojifungulia kituoni waliongezeka kwa asilimia 23, na mahudhurio ya kinga ya watoto wa hadi miezi 23 kwa asilimia 56. Pale sharti lilifanya kazi yake. Zambia ilileta ushahidi wa upande wa pili. Kati ya 2012 na 2014 wilaya nyingine zililipwa kwa matokeo, nyingine zikapewa fedha tu, na zote zikasonga mbele kwa hatua zinazokaribiana. Nigeria nayo ililinganisha njia hizo mbili, tofauti ikawa ndogo. Kwa jirani zetu wa Haut-Katanga, Kongo, watumishi waliolipwa kwa matokeo walijitahidi sana kuita watu, hata bei za huduma wakazishusha. Wagonjwa hawakuongezeka. Mradi ulipokwisha, ari ya kazi ilikuwa imeshuka.

Mimi nikiyapima yote hayo, naona hivi. Sehemu kubwa ya mafanikio inatokana na zahanati kuwa na akaunti yake, fedha kuingia humo, na watu wa pale kuruhusiwa kununua kinachokosekana bila kusubiri halmashauri. Sharti la matokeo linaongeza kitu pale tu kikwazo kilipokuwa kwa mtumishi. Kikwazo kikiwa kwa mama mwenyewe, yaani nauli, umbali, mvua, mume aliyesafiri, watoto wasio na wa kuwaangalia, utamlipa muuguzi bonasi mpaka uchoke na mama hatatokea. Nadhani Haut-Katanga walikwama hapo. Na kitongoji chenu cha saa tatu kinaweza kukwama hapo hapo.

Jambo la kushukuru ni kwamba tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ule unaochangiwa na wafadhili, zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Zahanati yenu basi haianzi sifuri. Kabla ya kujadili fedha mpya, omba kuonyeshwa hizo zilizopo: robo iliyopita ziliingia ngapi, zikanunua nini. Kamati isiyofuatilia fedha ndogo haitaweza kufuatilia kubwa.

Tuje kwa maskini wenyewe. Kituo kinalipwa kwa kichwa. Tuseme kila mama akijifungulia zahanati mnapata shilingi elfu kumi. Mama anayekaa nyuma ya zahanati analeta elfu kumi. Mama wa kitongoji cha mbali naye analeta elfu kumi ile ile, lakini kumpata huyu kunahitaji mhudumu wa afya ngazi ya jamii atembee saa tatu kwenda na tatu kurudi, pikipiki itafutwe usiku, mume abembelezwe. Mtumishi yeyote mwenye akili, wala si mtu mbaya, ataanza na wa karibu, kisha wa karibu zaidi. Utafiti wa Pwani ulionyesha kwamba malipo ya mizunguko ya mwanzo yalivipendelea vituo vyenye vifaa na vilivyozungukwa na watu wenye uwezo wa afadhali, ingawa pengo lilipungua kadiri muda ulivyokwenda. Usisahau pia kwamba akina mama wa kipato cha chini na cha kati kule walinufaika na ongezeko la kujifungulia kituoni. Inawezekana. Lakini inategemea bei ilivyopangwa.

Bei ina nguvu kuliko hotuba. Rwanda kituo kililipwa dola 4.59 kwa mama aliyejifungulia pale, na senti 37 za dola kwa mama aliyekamilisha mahudhurio manne ya kliniki. Kujifungulia kituoni kulipanda, kukamilisha mahudhurio manne hakukupanda. Pima mwenyewe: kumfuatilia mjamzito miezi kadhaa ni kazi ngumu kuliko kumpokea siku moja, na malipo yake yalikuwa madogo mno. Watumishi walikwenda fedha ilikowaelekeza.

Kwa hiyo mkifika kwenye ukurasa wa bei, msiuruke. Ombeni mama anayetoka kitongoji cha mbali awe na bei ya juu kuliko wa karibu. Miradi kadhaa Afrika imeweka nyongeza ya umbali, kwa hiyo hamtakuwa mnaomba muujiza. Ombeni hudhurio la kwanza la kliniki la mapema, kabla ya wiki 12 za ujauzito, lilipwe vizuri. Na katika ile sehemu ya kituo, pitisheni nyinyi wenyewe kifungu cha usafiri wa dharura, mkubaliane na bodaboda wawili watatu wanaojulikana, walipwe wakishamfikisha mama. Kijiji chenu bila shaka kina orodha ya kaya za TASAF. Itumieni. Kila robo mwaka mganga mfawidhi aieleze kamati: katika waliojifungulia hapa, wangapi wametoka kwenye kaya hizo? Mradi wenyewe unaweza usiulize swali hilo kamwe. Ninyi ulizeni.

Kenya walijaribu kuanzia upande wa mama. Kuanzia 2006, huko Kisumu, Kitui, Kiambu na mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi, mama maskini alinunua vocha ya uzazi salama kwa shilingi 200 za Kenya, akachagua kituo, na kituo kikalipwa baada ya kumhudumia. Matokeo ndiyo yaliyolipwa huko pia, ila karatasi ilikuwa mkononi mwa mama, na kituo kikawa na sababu ya kumpokea vizuri. Binafsi naipenda njia hiyo kwa sababu inamtambua maskini kabla hajafika mlangoni. Ugumu wake ni kuamua nani apewe vocha, na vocha yenyewe haifupishi barabara.

Sasa uhakiki. Nimefanya kazi hiyo miaka kadhaa, na kuna zahanati moja sitaisahau. Tulifungua Mtuha namba 12, kitabu cha wodi ya wazazi, tukakuta kurasa za mwisho za robo zimeandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, safi, bila mkato. Kitabu halisi cha wazazi hakikai hivyo. Kina doa, kina "saa 9 usiku" iliyoandikwa na mkono uliochoka, kina jina lililokatwa na kurudiwa. Mganga akatueleza kwamba kitabu kiliisha, wakawa wanaandika kwenye daftari la shule, na kipya kilipokuja wakahamisha. Daftari lenyewe akatuonyesha. Tukachagua majina kumi tukaenda vitongojini. Akina mama sita tuliwapata, watoto mgongoni, maelezo yao yanalingana. Wa saba alisema alijifungulia kwake alfajiri, akaletwa asubuhi kukatwa kitovu, naye kaandikwa amejifungulia kituoni. Watatu hakuna aliyewajua, hata mwenyekiti wa kitongoji. Zahanati ile ilikuwa imefanya kazi kweli, na ilikuwa imedanganya pia, yote mawili katika kitabu kimoja.

Wala usidhani ni tabia ya zahanati za vijijini tu. Shirika la kimataifa la chanjo, GAVI, lilianza mwaka 2000 kuzilipa nchi dola 20 kwa kila mtoto wa ziada aliyechanjwa. Ripoti za serikali zilijumlisha watoto wa ziada milioni 13.9. Watafiti walipolinganisha na takwimu za kaya, makadirio yao yakawa milioni 7.4. Takwimu ikishakuwa na bei, lazima awepo mtu wa kwenda kubisha hodi nyumbani kwa mama. Mkataba useme wazi mtu huyo ni nani, asiwe mtumishi wa zahanati hiyo wala ndugu yake, na kamati ipewe nakala ya matokeo ya uhakiki.

Umeniuliza ukubali au ukatae. Ningekuwa mimi ningekubali kwa masharti, nayo yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Sharti ambalo nisingelilegeza hata kidogo ni kwamba mama yeyote, popote alipojifungulia, yeye na mtoto wanahudumiwa bila faini wala kucheleweshwa, na kituo kikithibitika kukiuka hilo kikatwe malipo. La pili ni mgawanyo: sehemu kubwa ibaki kwa kituo, na ile ya watumishi imfikie pia mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mhudumu anayefanya usafi, maana nimeona bonasi zilizoleta ugomvi kuliko ari kwa sababu wawili walipata na watatu wakaangalia. La tatu ni mwisho wa mradi. Waulizeni: fedha zikisimama, kitu gani kitabaki? Kama jibu ni bonasi tu, basi fedha ya kituo mwaka wa kwanza iende kwenye vitu visivyoondoka, kama tangi la maji, sola ya chumba cha kujifungulia, kitanda, pazia la faragha.

Ningekataa, au ningeomba kikao kiahirishwe, kama mkataba hautawekwa mezani mkausoma kwa Kiswahili, kama bei za huduma ni siri, au kama mnaambiwa msaini leo kwa sababu gari la mradi linaondoka.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kuyamaliza. Mkataba upelekeeni Mganga Mkuu wa halmashauri na mkaguzi wa ndani, wausome pamoja nanyi. Wao ndio watakaojua kama unapingana na mpango kabambe wa afya wa halmashauri au na fedha nyingine zinazoingia kituoni. Mkiona majina ya kubuni kwenye Mtuha, msigombane na muuguzi hadharani. Andikeni, mpeleke kwa Mganga Mkuu, na fedha ikiwa imeshalipwa kwa majina hayo, TAKUKURU wana ofisi wilayani. Jirani yako aonane na afisa ustawi wa jamii, kwani kaya yake huenda ina haki ya misaada ambayo haijaandikishwa. Na mjamzito yeyote anayetokwa na damu, anayeumwa kichwa kikali akaona maluweluwe, aliyepata degedege au homa kali, awahishwe kituoni saa hiyo hiyo, mradi uwepo usiwepo, awe na deni la faini au asiwe nalo.

Kwa kikao, naomba ufanye kazi moja. Chukua siku, tembea hizo saa tatu hadi kitongoji kile ukiwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mhesabu wajawazito nyumba kwa nyumba kwa heshima, bila kuandika majina. Ukirudi, mwombe mganga mfawidhi akuhesabie kwenye Mtuha namba 6 wajawazito wangapi wa kitongoji hicho wameandikishwa kliniki. Tuseme huko mmewakuta kumi na mmoja na kitabuni wamo wanne. Ukipewa nafasi ya kusema kikaoni, anza na hao saba.